Mteja amesimama kaunta na Google haileti: jibu kwa mwenye steshenari wa Ngamiani

SWALI: Shikamoo mama. Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga: kompyuta mbili, printa moja na mashine ya fotokopi. Kutwa watu wananijia. Huyu anataka tangazo la ajira, yule mitihani ya nyuma ya kidato cha nne, mwingine "ile sheria ya ardhi". Wiki iliyopita alikuja mzee anayetafuta habari za mashamba ya mkonge ambako baba yake alifanya kazi zamani, na za gazeti la wakati wa Wajerumani lililoitwa Kiongozi. Mimi naandika swali lote kama mteja alivyolisema. Vinakuja vitu visivyohusika, bando linakwisha, mteja anaondoka. Nasikia kuna alama za kuweka ili Google itafute vizuri. Naomba unifundishe, na uniambie zipi zinafanya kazi kweli.

JIBU: Marahaba mwanangu. Alama zipo, na nitakupa zile ninazozitumia mwenyewe kila siku. Ila univumilie kidogo kabla sijazifikia, maana nimeona watu wengi wamezikariri zote na bado wanarudi mikono mitupu.

Mimi ni mkutubi, naishi Bagamoyo, mji ambao wakutubi wengi wa nchi hii wameupitia kwa sababu chuo cha fani yetu, SLADS, kiko huku. Kabla ya kompyuta tulitafuta vitabu kwa kadi zilizopangwa kwenye madroo ya mbao, na jambo nililofundishwa siku za mwanzo kabisa ndilo ninalokwambia wewe leo: msomaji huja na swali, lakini katalogi haina maswali, ina maneno. Kazi ya mkutubi ni kukaa katikati yao. Alipokee swali, kisha aligeuze liwe yale maneno ambayo mwandishi wa kitabu angeyatumia.

Google nayo ni hivyo. Ukibonyeza kutafuta, haitoki wakati huo kwenda kuzunguka mtandaoni. Ilikwisha kuzunguka. Programu zake hupita usiku na mchana kutoka kiungo hadi kiungo, zikisoma kurasa na kuandika neno gani limo katika ukurasa upi, mpaka ikapatikana faharasa kubwa mno, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Wewe unapekua faharasa hiyo. Kisha kurasa zenye maneno yako hupangwa ipi iwe juu na ipi chini kwa vigezo vingi. Kimojawapo, ambacho ndicho kilichoipa Google sifa tangu Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha 1998, ni kuangalia kurasa nyingine ngapi, na zenye uzito gani, zimeweka viungo vya kuuelekea ukurasa huo.

Hapo utaona mambo mawili. Kwanza, ambacho hakikusomwa hakimo. Vilivyo ndani ya makundi ya WhatsApp havimo. Vilivyofungiwa kwa nywila havimo. Na waraka uliopigwa picha tu kwa skana mara nyingi maneno yake hayaonekani, kwa hiyo huo unatafutwa kwa jina lake na siyo kwa sentensi iliyo ndani yake. Pili, kilichohifadhiwa ni maneno ya mwandishi wa ukurasa. Maneno ya mteja wako hayakuhifadhiwa popote.

Kwa hiyo mkulima akikwambia, "Nitafutie namna ya kupanda mkonge upate kutoa vizuri, shamba langu liko Muheza," usiyaandike hayo. Jiulize bwana shamba aliyeandika mwongozo huo aliandikaje. Hakuandika "upate kutoa vizuri". Aliandika "kilimo bora". Bila shaka alitaja kitalu, miche na nafasi ya kupandia. Tena kituo cha utafiti wa mkonge kiko huko huko Muheza, kinaitwa Mlingano, na jina hilo huenda likawemo katika waraka wowote wa maana juu ya zao hili. Basi unaandika:

kilimo bora mkonge kitalu miche nafasi Mlingano

Kila neno hapo ni neno la jibu. Anza na mawili au matatu yenye uzito, ongeza moja moja matokeo yakiwa mengi, punguza yakiwa machache. Ukishika hilo peke yake, nusu ya shida yako imekwisha hata kabla ya alama yoyote. Ni kweli kwamba siku hizi mashine hujaribu kukisia maana hata ukiiandikia swali refu, na kwa Kiingereza hukisia vizuri. Kwa Kiswahili nimeiona ikipotea mara nyingi, ndiyo maana sisi tunahitaji alama kuliko wenye lugha hiyo.

Sasa alama. Kama ungejifunza moja tu, ningekuchagulia alama za nukuu. Maneno yaliyo ndani yake hutafutwa yakiwa yameshikana, kwa mpangilio huo huo. Chukua huyo wa sheria ya ardhi. Bila nukuu unaletewa ukurasa wowote wenye sheria na wenye ardhi, hata kama maneno hayo yameachana kwa aya kumi. Kwa nukuu unapata "Sheria ya Ardhi" yenyewe.

Lakini hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Sheria hizo ni mbili, zote za 1999: Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5. Jina la kwanza limo ndani ya jina la pili, kwa hiyo ukinukuu fupi unaletewa zote mbili zikiwa zimechanganyika. Mteja mwenye mgogoro wa shamba kijijini, kule Mkinga au Pangani, karibu kila mara anahitaji ya pili. Nukuu jina lote. Na jambo jingine: sheria hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria zetu mwaka 2021. Ukitaka maandishi ya sheria yenyewe andika "Village Land Act" 1999. Ukitaka kijitabu cha kumweleza mkulima haki zake andika "Sheria ya Ardhi ya Vijiji". Karani wa wakili atataka cha kwanza, mkulima cha pili. Kabla hujagusa kibodi, muulize aliye mbele yako anakwenda kuifanyia nini hiyo karatasi.

Alama ya pili ni kistari cha kutoa. Kiweke kabla ya neno, kikiwa kimegusana nalo, na uache nafasi kati yake na neno lililotangulia: kurasa zenye neno hilo zinaondolewa. Sisi wa pwani tunakihitaji sana kwa sababu majina ya miji yetu yana wenzao. Ukiandika Pangani unachanganyiwa na mtaa wa Pangani ulioko Nairobi, kwa hiyo:

Pangani utalii -Nairobi

Na Tanga ndiyo zaidi. Kwa Kihispania na Kireno neno hilo ni nguo ya ndani au ya kuogelea, na siku ukimtafutia mwanafunzi picha za Tanga ya zamani, huku wateja wamejaa dukani, kioo kinaweza kukuaibisha. Ongeza -bikini. Au bora zaidi, ongeza maneno yanayouvuta mji wenyewe: Tanga bandari, Tanga reli, Tanga Tanzania.

Nasema bora zaidi kwa sababu kistari ni kikali. Kinautupa ukurasa mzima kwa neno moja tu. Ukiandika "Sheria ya Ardhi" -vijiji ili kuiondoa ile sheria ya pili, umeutupa pia ukurasa mzuri kabisa unaozieleza zote mbili kwa kulinganisha. Mimi hukitumia mwishoni, nikishayaona matokeo na kujua ni neno gani linaniletea takataka.

Ya tatu nataka uishike sana kwa kazi yako, kwa kuwa inahusu usalama wa watu. Ukiandika site: ikifuatiwa na anwani, unatafuta ndani ya anwani hiyo tu. Si lazima iwe tovuti moja. Inaweza kuwa ukoo mzima. Tovuti za serikali yetu huishia na go.tz, za vyuo ac.tz. Kwa hiyo:

site:go.tz "nafasi za kazi" Tanga
site:necta.go.tz CSEE biology filetype:pdf

Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kibodi za simu hupenda kuiweka yenyewe, nawe huioni, kisha unadhani alama imekataa. Ifute.

Kwa nini nasema ni suala la usalama? Anayetafuta ajira huja kwako na namba yake ya NIDA, vyeti vyake, wakati mwingine na pesa mkononi. Mtandaoni kuna kurasa zilizotengenezwa zifanane na za serikali, zinakusanya taarifa hizo au zinadai "ada ya fomu". Nyingine hulipia tangazo ili zitokee juu kabisa ya matokeo, zikiwa na neno dogo tu la kuonyesha kuwa zimelipiwa. Ukiweka site:go.tz umezikata katika matokeo ya kawaida; tangazo la kulipiwa likitokea bado, liruke. Na ukifungua ukurasa wowote, soma anwani kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha tazama kilicho mara tu kabla yake. Kikiwa .go.tz, uko serikalini. Kikiwa .com, hata kama mbele yake wameandika ajira, Tanzania, na go-tz yenye kistari badala ya nukta, hapo si serikalini. Wafundishe na wateja wako kusoma hivyo wakati wanasubiri printa.

Katika ule mstari wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, umeona nimeweka pia filetype:pdf. Hiyo inaleta mafaili ya PDF peke yake, ambayo ndiyo unayoprinti. Ukitaka ya Word andika filetype:doc, na filetype:docx kwa yale mapya. Kuhusu mitihani, tumia vifupisho wanavyotumia Baraza lenyewe: PSLE kwa darasa la saba, FTNA kwa kidato cha pili, CSEE kwa cha nne, ACSEE kwa cha sita. Mteja atasema "fomu foo", lakini waraka haukuandikwa hivyo. Na mwanafunzi au mwalimu akija kutaka mitihani ya nyuma, mwonyeshe pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huzitoa somo kwa somo. Zinaeleza swali gani liliwashinda wengi na kwa sababu gani, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Wengi hawajui kama zipo. Mwalimu akiipata moja kwako leo, atarudi.

Sasa nifike kwenye neno OR, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu linahusu lugha yetu.

OR huandikwa kwa herufi kubwa na maana yake ni "hili au lile". Ukiandika "au" ya Kiswahili haifanyi kazi hiyo. Inahesabiwa kuwa neno la kawaida. Hushika neno la kushoto na la kulia yake tu, kwa hiyo

mkonge OR katani bei

humaanisha mkonge au katani, na katika hali zote mbili bei iwemo. Utaratibu huu wa hili-na-lile, hili-au-lile, hili-bila-lile ni wa Mwingereza George Boole, mtaalamu wa hesabu aliyefariki 1864, muda mrefu kabla ya kompyuta. Wakutubi tuliurithi.

Lakini wenzetu wa lugha za Ulaya wana kitu kingine wanachokiegemea. Maneno yao mengi hubadilika mwishoni, kwa hiyo katika katalogi nyingi za maktaba wanaandika shina la neno na kuweka kinyota nyuma yake, na maumbo yote yanakuja. Kiswahili kinabadilika mbele. Kulima, kilimo, mkulima, wakulima, analima, walilima: shina moja, na kila moja limevaa kilemba chake kichwani. Kinyota cha nyuma hakitusaidii hapo. Na kwenye Google kinyota hakikati neno kabisa. Kinasimama badala ya neno zima. Kinafaa ukiwa umesahau neno katikati ya msemo, mathali "waja leo * leo". Ukiandika lim* ukitarajia ikuletee kilimo na wakulima, utasubiri sana.

Usitegemee mashine ijue kuwa mwalimu na walimu ni mtu na wenzake. Wakati mwingine inajua, wakati mwingine haijui. Andika maumbo mwenyewe:

mkulima OR wakulima OR kilimo mwani Tanga

Fanya hivyo pia kwa tahajia. Shaaban Robert, mshairi mkubwa aliyezaliwa Vibambani huko huko kwenu mwaka 1909, wengine humwandika Shaban. Majina yenye ng' yana tabu zaidi, kwa sababu kile kitone cha juu kila mtu anakiweka kwa namna yake, na wengine hawakiweki. Ngombezi na Ng'ombezi ni mahali pamoja. Andika yote mawili na OR katikati.

Alama za tarehe ni rahisi. after:2024 huleta kurasa za baada ya mwaka huo, before:2015 za kabla ya 2015; unaweza kuweka tarehe kamili kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama after:2024-07-01. Zinafaa sana kwa ada, bei na fomu, kwa sababu fomu ya miaka mitano nyuma ni hasara kwa mteja. Ila tarehe hiyo ni ile ambayo Google inadhani ukurasa uliandikwa, na tovuti ikihamishwa tarehe huvurugika. Hakikisha kwa kutazama tarehe iliyo ndani ya waraka wenyewe. Na intitle: hutafuta neno katika kichwa cha ukurasa tu, nzuri pale neno lako linapotajwa kila mahali kwa kupita.

Kuna alama utazikuta katika maelekezo ya zamani ambazo zimekufa. Alama ya kujumlisha mbele ya neno iliondolewa 2011, nukuu zikachukua nafasi yake. cache:, iliyokuwa ikionyesha nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa na Google, imeondolewa 2024. Hiyo niliihuzunikia kweli, maana tovuti zetu hubadilishwa na viungo vikafa. Badala yake nenda web.archive.org, bandika kile kiungo kilichokufa, na mara nyingi utakuta nakala za ukurasa huo kwa miaka mbalimbali. Hiyo ni kazi ya Internet Archive, asasi isiyotafuta faida iliyoanza 1996, na imeniokoa mara nyingi. Nukuu, kistari, site: na filetype: utazikuta zinafanya kazi pia kwenye Bing na DuckDuckGo, kwa hiyo ukikwama mahali pamoja jaribu kwingine kwa mstari ule ule. Faharasa ya Google na ya Bing si moja.

Kuhusu bando: usibonyeze kabla hujasoma. Chini ya kila kichwa cha matokeo pana anwani na mistari miwili mitatu ya maandishi; hiyo inatosha kukuonyesha kama ukurasa unafaa. Kubonyeza mara moja kwa haraka ukurasa uliojaa matangazo na video kunakula data kuliko kutafuta mara nyingi. Na ile mistari iliyokupatia kitu, iandike kwenye daftari kando ya kompyuta. Mteja wa kesho mwenye shida hiyo hiyo unampa kwa dakika moja. Faili la fomu usilitunze zaidi ya msimu wake, ila mstari wa kuitafutia utunze.

Siku hizi utaona pia juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba (AI), limepangwa vizuri na linasomeka. Usimprintie mteja hilo kwa sheria, ada, dawa au tarehe ya mwisho ya kuomba kitu. Teremka hadi kwenye waraka wenyewe. Nimeona namba za vifungu vya sheria katika majibu ya namna hiyo ambavyo havimo katika sheria yenyewe, na mtu akienda navyo mbele ya baraza la ardhi anaumia.

Tuje kwa mzee wako. Huyu ndiye aliyenifanya nikuandikie kirefu, kwa sababu wanaotafuta habari za baba zao mara nyingi huambiwa "hakuna mtandaoni", na aliyetafuta alitumia maneno ya leo kutafuta mambo ya jana.

Ukitafuta mambo ya zamani, tumia majina ya zamani. Aliyeandika mwaka 1950 hakuandika Tanzania, aliandika Tanganyika. Aliyeandika 1910 aliandika Deutsch-Ostafrika. Lushoto aliiita Wilhelmstal, Muheza aliiandika Muhesa, hata huku kwetu utakuta Bagamojo. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na Waingereza waliuchukua mji wa Tanga 1916, kwa hiyo karibu robo karne ya kwanza ya zao hilo imeandikwa kwa Kijerumani. Hakuna aliyetaja mkonge humo. Neno lao ni Sisal. Baada ya hapo ni Kiingereza, na neno ni sisal pia.

Gazeti la Kiongozi ni mfano mzuri wa neno linalozama. Kiongozi ni kila diwani na kila waziri, na tena kulikuwa na gazeti jingine la Kanisa Katoliki lenye jina hilo hilo baadaye. Ukiandika gazeti kiongozi utazama. Lakini fikiria mtafiti anayelieleza gazeti hilo: atasema lilichapishwa katika shule ya serikali ya Tanga, enzi za Wajerumani. Kwa hiyo andika mistari miwili, kwa lugha mbili:

"Kiongozi" Tanga gazeti Wajerumani shule
"Kiongozi" Tanga Zeitung "Deutsch-Ostafrika"

Ule wa pili utakupeleka kwenye katalogi na makala za Kijerumani. Kivinjari kitakutafsiria ukurasa vya kutosha kujua kama nakala zipo na zinatunzwa wapi.

Kwa habari za baba yake, neno kubwa ni manamba. Ndivyo walivyoitwa watu walioletwa kwa mkataba kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata nje ya mipaka, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaajiri, ikijulikana kwa kifupi SILABU, na kifupi hicho ni dhahabu kwa mtafutaji. Nyingi ya habari hizi zimo katika tasnifu za vyuo, na tasnifu ni PDF:

manamba mkonge OR katani Tanga
SILABU sisal Tanganyika filetype:pdf
site:ac.tz manamba sisal

Mzee akirudi, usianze na kompyuta. Mpe kiti, muulize baba yake alitoka wapi, alifika Tanga karibu na mwaka gani, na shamba liliitwaje: Magunga, Kwamdulu, Mazinde, Ngombezi? Kambi yao waliiitaje wenyewe? Msimamizi Mzungu walimpa jina gani? Muulize pia kama nyumbani kumebaki kipande, ile kadi ya kazi iliyoandikwa siku za mtu shambani. Kikiwepo, mwambie akilete. Jina la kampuni iliyokuwa na shamba hilo likiwa limepigwa chapa juu yake, liandike ndani ya nukuu herufi kwa herufi kama lilivyo, uongeze Tanganyika, uone linaleta nini.